Hofu ya Lyme na homa ya papasi tuliyoisahau

Tangu mwanamuziki Justin Timberlake alipotangaza mwishoni mwa Julai 2025 kwamba anaugua ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wa kupe, jina hilo limetoka kwenye kurasa za burudani na kuingia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Limekuja na sauti za kurekodiwa, picha za alama nyekundu ya duara mgongoni mwa Mzungu, na orodha ya dalili ambayo nusu ya abiria wa mwendokasi wa alfajiri wangejikuta ndani yake: uchovu usioisha, viungo kuuma, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu, kusahausahau. Baada ya orodha hufuata ushauri. Kama umepima malaria, taifodi na UTI na bado hujisikii vizuri, nenda kapime Lyme. Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza kipimo hicho kinapatikana wapi na kwa bei gani, wote wakazi wa Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka Afrika Mashariki.

Naamini tumeuelewa vibaya ugonjwa huu, na kosa hilo lina gharama. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika kwenye nchi zenye kupe wa Lyme karibu hana njia ya kuupata, na siku kipimo kitakapomwambia anao, uwezekano mkubwa ni kwamba kimekosea. Lakini bakteria wa Lyme ana ndugu yake wa damu hapahapa Tanzania. Ndugu huyu anaishi ndani ya papasi kwenye nyufa za nyumba za udongo, ameua watoto wengi tumboni mwa mama zao, na vituo vyetu vya afya vimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kumwona. Tumeupoteza uwezo huo si kwa uzembe, bali kupitia mabadiliko mazuri tuliyoyafanya kwenye upimaji wa malaria. Huyo ndiye ningependa tumwogope, na namna ya kumpata ni tofauti kabisa na namna ya kumpata wa Lyme.

Tuanze na Lyme yenyewe. Ni jina la mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 wazazi wa eneo hilo walishangaa kuona watoto wengi mno wakivimba magoti kama wazee wenye baridi yabisi, na daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaanza kufuatilia. Kijidudu mwenyewe hakuonekana hadi 1981. Mwaka huo Willy Burgdorfer, mtafiti mzaliwa wa Basel, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya serikali huko Hamilton, Montana, alipasua kupe waliokusanywa Shelter Island, New York. Alikuwa akitafuta vijidudu vya aina nyingine kabisa, lakini kwenye utumbo wa kupe akaona nyuzi nyembamba zilizojisokota. Mwingine angeweza kuzipita. Burgdorfer alizitambua kwa sababu tasnifu yake ya udaktari, aliyoifanya Basel chini ya Profesa Rudolf Geigy, ilihusu nyuzi za namna hiyohiyo ndani ya papasi wa Afrika. Geigy huyo ndiye aliyeanzisha maabara ya Waswisi pale Ifakara katika miaka ya 1950, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Bakteria wa Lyme akaitwa Borrelia burgdorferi kwa heshima ya aliyemgundua. Mimi huona ni jambo zito kwamba macho yaliyomwona kwa mara ya kwanza yalikuwa yamefunzwa na papasi.

Kupe wanaowaambukiza watu Lyme ni wachache, na wote ni wa kundi moja liitwalo Ixodes. Wanne ndio wakuu: mmoja wa mashariki ya Marekani, mmoja wa magharibi yake, mmoja wa Ulaya, na mmoja anayeanzia Ulaya Mashariki kuelekea Asia. Wanaishi kwenye majani makavu yaliyolowa unyevu, katika misitu ya nchi zenye majira ya baridi, na wanategemea panya wa mwituni na paa wa huko kwa chakula. Katika Afrika wanapatikana upande wa kaskazini tu, kwenye misitu ya Tunisia, Algeria na Morocco. Anayeambukiza zaidi ni kupe mchanga, mdogo kuliko punje ya ufuta, na kwa kawaida inambidi ang'ang'anie mwilini zaidi ya siku nzima kabla bakteria hawajatoka tumboni mwake na kufika kwenye mate. Ndiyo maana watu wa huko hufundishwa kujikagua mwili mzima wakitoka msituni.

Sisi hatukosi kupe. Mnada wa Pugu umejaa ng'ombe wenye kupe masikioni, mbwa wa Mikocheni wanakunwa kila Jumamosi, na mfugaji yeyote anajua kwamba kupe huleta ndigana kali inayoteketeza ndama. Kuna pia homa inayompata binadamu aliyeumwa na kupe wa ng'ombe, yenye kidonda cheusi mahali alipoumwa, nayo ni ya bakteria wa jamii ya rickettsia. Lakini kupe hao ni wa koo nyingine, na kupe si chombo tupu kinachobeba chochote kitakachopakiwa. Kila bakteria amezoea tumbo la kupe wake kwa maelfu ya miaka. Wanaosema "kupe ni kupe" wanakosea mahali ambapo mfugaji asiyejua kusoma hawezi kukosea.

Sasa papasi. Huyu ni kupe laini, hana ngao ngumu mgongoni. Akiwa na njaa anafanana na kipande kidogo cha ngozi iliyokunjamana, rangi ya udongo uleule anamojificha, na akishiba anavimba kama zabibu. Mchana hukaa kwenye nyufa za sakafu, kwenye kona za kuta, chini ya mawe ya mafiga. Usiku hutoka, hunyonya kwa nusu saa hivi bila kuuma sana, na hurudi ufani kabla aliyelala hajageuka ubavu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila huyu hata nguoni hayumo. Ushauri wa kujikagua mwili asubuhi, unaosambazwa sasa kwenye simu, haumsaidii kitu aliyelala kwenye mkeka ndani ya nyumba ya tembe. Atakagua na hatakuta mdudu. Papasi anaweza kukaa miaka bila kuonja damu, na jike humrithisha bakteria kupitia mayai, kwa hiyo sakafu moja huweza kubaki na ugonjwa kwa vizazi. Watafiti waliofanya kazi Mvumi, Dodoma, walichapisha mwaka 2007 kwamba walimkuta bakteria wa kundi hilo hata kwenye damu ya kuku na nguruwe wa nyumbani. Nyumba ikihamwa na watu, papasi hakosi mezani.

Bakteria wake anaitwa Borrelia duttonii, kwa kumbukumbu ya Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa hii huko Kongo na kufa nayo Februari 1905 akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa katika koloni la Wajerumani, nchi hii yetu, akikagua papasi wa kwenye vituo vya kulala wapagazi wa njia za misafara. Aliwakuta vijidudu ndani ya papasi, na hata ndani ya mayai yao. Ugonjwa uliwajia watu barabarani: wapagazi walibeba mizigo ya wenyewe mchana, usiku wakalala kwenye mabanda ya udongo, na wiki moja baadaye wakaanguka kwa homa wakiwa mbali na mahali walipoumwa. Nitalirudia jambo hili la njia, kwa sababu ndilo linaloifanya Dar es Salaam ihusike.

Homa ya papasi ina tabia yake. Huja kwa nguvu, joto juu, kichwa na misuli kama imepondwa, kwa siku tatu hadi sita. Kisha hushuka ghafla kwa jasho jingi na mgonjwa anainuka. Baada ya wiki moja hivi hurudi, na inaweza kurudi mara nyingi. Sababu ni kwamba kinga ya mwili inapoitambua nguo waliyovaa bakteria hawa na kuwaua, wachache hubadili nguo, huzaliana, na vita huanza upya. Kwa mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi ni mateso yanayopita. Kwa mjamzito ni balaa. Utafiti uliofanyika Sengerema, mkoani Mwanza, na kuchapishwa 1997, ulikuta kwamba miongoni mwa wajawazito waliolazwa kwa homa hii, mimba zilizoharibika pamoja na watoto waliokufa kabla au muda mfupi baada ya kuzaliwa zilikaribia nusu. Nawaomba wanaosambaza picha za alama ya duara waisome tena sentensi hiyo.

Mwaka jana nililishuhudia jambo hili ndani ya ukoo wetu. Mama yangu mdogo, mkazi wa Kimara, alikwenda Chamwino kwenye msiba, akalala siku tano kwenye mkeka pamoja na wafiwa wenzake. Siku kama nane baada ya kurudi mjini alishikwa na homa. Kwenye zahanati kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi, kipimo cha damu cha Widal kikasema taifodi, akapewa antibiotiki ya sipro. Siku ya tano homa ikashuka, tukamshukuru Mungu na dawa. Wiki iliyofuata ikarudi. Kituo cha pili kilisema UTI, akachomwa sindano, homa ikashuka tena. Iliporudi mara ya tatu alikuwa amekonda na binti yake alikuwa ameshaanza kuniuliza habari za Lyme. Maabara ya tatu tulimkuta baba mmoja wa makamo aliyemtazama mgonjwa kabla ya kutazama fomu. "Mama, shikamoo. Ulikuwa umesafiri?" Alipoambiwa Chamwino, akauliza kama nyumba ilikuwa ya saruji au ya udongo. Akamtoboa kidole, akaweka tone nene kwenye kioo, akalikausha, akalitia rangi. Baadaye aliniita niangalie. Kwenye uwanja wa rangi ya waridi, katikati ya chembe kubwa nyeupe za damu zilizoingia zambarau, kulikuwa na nyuzi za zambarau zilizojikunja kama uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta. Hazikuwa nyingi. Nilihesabu nne. "Hao," alisema, "mashine ya malaria haiwaoni."

Dawa yake ni doksisaiklini ya kawaida inayouzwa kila duka la dawa. Lakini saa mbili baada ya kidonge cha kwanza mama mdogo alianza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na joto likapanda kuliko siku zote. Madaktari wanalijua jambo hili: bakteria wengi wanapokufa kwa mpigo mwili hushtuka, na presha inaweza kushuka vibaya. Ndiyo maana dozi ya kwanza inafaa imezwe mahali penye muuguzi. Anayejinunulia dawa dukani kwa kubahatisha, hata akibahatisha sawasawa, anaweza kupitia usiku huo peke yake chumbani.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu inaonesha kitu ambacho hoja tupu haioneshi vizuri. Homa inayoshuka yenyewe humpa sifa yeyote aliyetoa dawa ya mwisho. Sipro ilionekana imeponya, sindano ikaonekana imeponya, na kama mama mdogo angepimwa Lyme siku ya pili ya homa na kupewa chochote, Lyme nayo ingeonekana imepatikana na imetibiwa.

Hapo ndipo tofauti ya vipimo inapotakiwa kueleweka, na ndiyo kiini cha makala hii. Bakteria wa papasi, wakati wa homa, anakuwa kwenye damu kwa wingi unaotosha kuonekana kwa hadubini, kwenye kioo kilekile kinachotumika kutafuta malaria. Anayemtafuta anamwona kwa macho, au hamwoni. Bakteria wa Lyme hajiweki wazi hivyo. Kwenye damu ni haba mno, huhamia kwenye ngozi, viungo na mishipa ya fahamu, na kumwotesha maabara ni kazi ya wiki nyingi. Kwa hiyo maabara za Marekani na Ulaya hupima kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake, kwa hatua mbili: kipimo cha kwanza kinachochuja, na cha pili kinachothibitisha. Katika wiki za mwanzo askari hao hawajatosha, na kipimo humkosa mgonjwa wa kweli. Ndiyo sababu daktari wa huko akiiona alama ya duara kwenye ngozi ya mtu aliyetoka msituni hutibu bila kusubiri maabara. Alama yenyewe kwenye ngozi nyeusi haing'ai nyekundu kama kwenye picha tunazotumiwa, jambo ambalo limewachelewesha kutibiwa watu weusi wa Marekani.

Kingamwili zina udhaifu wa pili, na huu ndio unaotuhusu zaidi. Askari aliyefunzwa kupambana na adui mmoja anaweza kumshika jirani anayefanana naye. Kaswende inaweza kuifanya Lyme ionekane chanya. Virusi vya Epstein-Barr vinaweza, magonjwa ya kinga kama lupasi yanaweza, na homa ya papasi, ambayo bakteria wake ni ndugu wa karibu, inaweza zaidi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kipimo huwasingizia wazima 5 katika kila 100. Tuwapime wakazi 1,000 wa Dar es Salaam wasiowahi kusafiri, na kwa ukarimu tukubali kwamba 1 kati yao kweli ana Lyme. Kipimo kitampata huyo, na pamoja naye kitawapa karatasi chanya watu 50 wasio nayo. Aliyeshika karatasi ile ana nafasi 1 kati ya 51 ya kuwa mgonjwa. Tuhamishe kipimo hichohicho Connecticut, kwa watu 1,000 waliovimba goti baada ya kuumwa na kupe, ambao tuseme 200 kweli wanayo. Hapo watakaosingiziwa ni 40, na karatasi chanya inaaminika. Mashine ni ileile na damu imetolewa kwa sindano ileile. Kilichobadilika ni mahali mtu alipolala. Sisi tumeshaishi na somo hili kwa Widal, kipimo cha kingamwili cha tangu 1896, ambacho kimeipa Dar es Salaam wagonjwa wa taifodi wasiohesabika ambao hawakuwahi kuwa na taifodi.

Upande wa pili una hoja, na moja yake ni nzito. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha kazi iliyofanyika hapahapa Dar es Salaam, iliyoripoti kingamwili za Lyme katika damu na kuzichukulia kama ushahidi kwamba ugonjwa upo Afrika. Baadaye madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wawili wa Lyme. Siwezi kuzipuuza kazi hizo, na waliozifanya walikuwa sahihi kuuliza. Lakini kingamwili ndicho hasa kipimo kinachoyumba katika nchi yenye homa ya papasi na kaswende. Ili kusema Lyme ipo hapa tunahitaji kijidudu mwenyewe, aliyeoteshwa au aliyetambuliwa kwa vinasaba, kutoka kwa mtu ambaye hakusafiri au kutoka kwa kupe wa hapa. Imepita miaka takriban 30 tangu 1996, na msingi wa dai bado ni kingamwili. Anayesema "hamwoni kwa sababu hamtafuti" ana haki nusu. Tutafute, ila kwa kupasua kupe wa Pugu na wa mbugani kama alivyofanya Burgdorfer. Kumuuzia mlalahoi wa Mbagala kipimo cha kingamwili hakumtafuti kijidudu yeyote.

Hoja nyingine ni ya mabadiliko ya tabianchi na ndege wahamao. Ni kweli kupe wa Lyme wanapanda kaskazini na milimani huko Ulaya na Kanada kadiri baridi inavyopungua. Wanafuata ubaridi wenye unyevu, kwa hiyo joto la dunia linawasogeza mbali na Kibamba, haliwaleti. Msafiri aliyerudi kutoka Ujerumani au Boston ni jambo jingine: huyo anaweza kuja na Lyme mwilini, apimwe, atibiwe, na hatamwambukiza mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kupima hakuna hasara. Hasara zipo, na ni za watu ninaowafahamu kwa sura. Maumivu ya viungo na uchovu wa miezi, katika mji huu, vinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, VVU, kisukari, upungufu wa damu, baridi yabisi, au sonona ya mtu aliyefiwa. Kila moja lina tiba, na kila moja linaharibika likicheleweshwa. Mtu akishapewa jina la Lyme anaacha kutafuta. Kisha huja dawa za miezi. Huko kwenye Lyme ya kweli majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001, na mengine Uholanzi mwaka 2016, yalionesha kwamba kurefusha antibiotiki kwa wagonjwa wenye mabaki ya dalili hakukuwapa nafuu kuliko dawa bandia. Kama haziwasaidii waliougua kweli, zitamfanyia nini mtu wa Tandika ambaye hakuugua, zaidi ya kumharisha na kumaliza akiba yake?

Kuna pia pingamizi dhidi yangu ninalolichukulia kwa uzito. Homa ya papasi ni ya Dodoma, Singida, Tabora na Mwanza vijijini, na inapungua kadiri nyumba za udongo zinavyobadilishwa kuwa za tofali na bati. Kwa nini Dar es Salaam ijisumbue? Narudi kwenye njia za misafara. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuamka kwenye tembe na kulala Kimara siku hiyohiyo. Homa huanza wiki moja hivi baadaye, mbele ya mganga ambaye hajawahi kuiona na hana sababu ya kuifikiria. Ugonjwa ukiwa wa kawaida kila mtu anaujua. Ukipungua, wa mwisho wanaoupata ndio wanaoteseka muda mrefu zaidi bila jina.

Na hapa ndipo mabadiliko ya malaria yanapoingia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka vikasambazwa hadi zahanati za vijijini. Ni jambo jema kabisa, na ushahidi wake umetoka hapa kwetu. Huko Moshi, utafiti uliochapishwa 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: zaidi ya 60 katika kila 100 waliandikiwa malaria, na waliothibitishwa kuwa nayo walikuwa watu 14 tu kati ya wote 870. Mwaka uliofuata, utafiti wa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara ulikuta malaria kwa takriban 1 kati ya 10. Kipimo cha haraka kilitutoa kwenye giza hilo. Lakini kinatafuta protini ya kimelea cha malaria peke yake. Hadubini ilikuwa inatafuta malaria na kuona chochote kingine kilichokuwa njiani, na tulipoisukuma pembeni tukaondoa pia jicho hilo, bila kuamua kuliondoa.

Sidai kila mwenye homa awekewe kioo. Nadai swali moja na hatua moja. Mtu mwenye kipimo hasi cha malaria na homa iliyorudi aulizwe amelala wapi ndani ya wiki tatu, na kama ni kwenye nyumba ya udongo, damu yake iwekwe kwenye kioo wakati joto liko juu, maana homa ikishuka bakteria hawaonekani. Mjamzito aulizwe mara ya kwanza, asisubiri homa irudi. Hadubini bado zipo kwenye maabara nyingi za mji huu. Wanaojua kuzisoma nyuzi zile ndio wanaostaafu, na ningependa vijana wa vyuo vya maabara wakae nao kabla hawajaondoka. Kwa baadaye kuna protini iitwayo GlpQ, ambayo bakteria wa homa ya papasi wanayo na wale wa Lyme hawana; kipimo kilichojengwa juu yake kingeweza kuwatenganisha ndugu hawa wawili, na fedha ya utafiti ikienda huko itakuwa imekwenda mahali pake. Maabara binafsi zinazotoa kipimo cha Lyme zinaweza kuanza na jambo rahisi zaidi: kuandika kwenye fomu ni nchi gani mteja alitembelea, na kumrudisha kwa daktari kama jibu ni hakuna.

Mama mdogo alipona. Alichosikitika nacho zaidi si wiki zile za homa, ni sakafu ya nyumba ya marehemu, ambako wajukuu wanalala kila likizo ya Desemba. Juzi alituma fedha ya mifuko kumi ya saruji. Amemwambia fundi aanze na chumba cha watoto, na nyufa za ukutani zizibwe kwanza.